Daktari Denis Burkitt, Aliyejifunza kwa Hospitali Ndogo

Safari hii twawaletea habari za maisha ya marehemu Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi ya udaktari nchini Uganda kwa miaka ipatayo 20, akafariki mwaka 1993. Madaktari wa dunia nzima wanalijua jina lake, lakini wengi wetu huku Kasulu na Kibondo hatujalisikia. Tumemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba alichunguza maradhi ya tumbo na matumbo, nayo ni maradhi yanayoisumbua kila nyumba. Ya pili ni kwamba sehemu kubwa ya elimu yake hakuipata katika maabara ya fahari huko Ulaya. Aliipata kutoka hospitali ndogo za misheni na za serikali zinazofanana na hizi zetu, kwa msaada wa madaktari na wauguzi ambao majina yao hayakuandikwa vitabuni.

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911, karibu na mji wa Enniskillen, upande wa kaskazini wa Ireland, katika nyumba ya Waanglikana wacha Mungu. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi aliyesimamia barabara na madaraja ya wilaya yao. Katika saa zake za mapumziko mzee huyo alichunguza ndege wadogo wa bustanini. Aliwafunga pete miguuni apate kumtambua kila mmoja, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anakaa wapi na mpaka wake unaishia wapi. Tutaona mbele kwamba mwana alirithi desturi hiyo ya baba.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa watoto wa shule, akapoteza jicho moja. Aliishi na jicho moja maisha yake yote. Alipokwenda Chuo cha Trinity mjini Dublin alianza kusomea uhandisi kama baba yake. Huko chuoni alikutana na wanafunzi waliokuwa wakisali na kusoma Biblia pamoja, akampa Bwana maisha yake, na baada ya mwaka mmoja akaacha uhandisi na kushika masomo ya udaktari. Alihitimu mwaka 1935, kisha akajifunza upasuaji.

Alitamani sana kufanya kazi katika Afrika. Alipoomba kazi katika idara ya tiba ya serikali ya kikoloni alikataliwa kwa sababu ya lile jicho. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi lilimpokea kuwa daktari, nalo likamtuma Kenya, Somalia na Ceylon. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi. Vita vilipokwisha aliomba tena, safari hii akakubaliwa, na mwaka 1946 akafika Lira, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira alikuwa daktari wa wilaya nzima, naye alifanya kila kazi iliyomjia. Katika pilikapilika hizo aliona jambo moja. Wanaume wengi walikuja kupasuliwa mabusha, lakini karibu wote walitoka upande wa mashariki wa wilaya, na wa magharibi walikuwa wachache sana. Daktari mwingine angaliwapasua tu na kuwaruhusu. Yeye aliuliza kila mtu anatoka kijiji gani, akaandika, akachora ramani. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza swali alilouliza maisha yake yote: kwa nini ugonjwa huu upo hapa na kule haupo?

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala. Mwaka 1957 Daktari Hugh Trowell, aliyekuwa bingwa wa maradhi ya watoto hapo, alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Muda mfupi baadaye Burkitt alimwona mtoto mwingine katika hospitali ya Jinja, mwenye uvimbe wa namna ile ile tayani na pia tumboni. Alirudi kufungua madaftari ya hospitali na kukuta watoto wengi walioandikwa kwa majina mbalimbali ya magonjwa, kumbe wote waliugua saratani moja. Habari zake alizichapisha mwaka 1958, na leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake.

Lakini inapatikana wapi, na wapi haipatikani? Alitengeneza kikaratasi chenye picha za watoto wagonjwa, akakituma kwa posta kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama wamewahi kuona uvimbe wa namna hiyo. Kisha mwezi Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu pamoja na wenzake wawili, Daktari Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva na Daktari Cliff Nelson. Kwa muda wa majuma 10 walisafiri maili zipatazo 10,000, wakipita Tanganyika na kushuka hadi Afrika Kusini, nao waliingia katika hospitali 57. Kila walipofika waliwauliza madaktari na wauguzi wameona nini. Waligundua kwamba uvimbe ule hufuata joto na mvua, na kwamba haupatikani kwenye nyanda za juu zenye baridi, mfano zile za jirani zetu wa Rwanda na Burundi. Ndivyo ilivyoanza kueleweka kwamba malaria inahusika. Mwaka 1964 wataalamu wa London waliokuwa wakipokea vipande vya uvimbe kutoka kwake walivumbua ndani yake kirusi kisichojulikana kabla. Naye huko Mulago alianza kuwatibu watoto hao kwa dawa, na baadhi yao walipona kabisa.

Sasa twaja kwenye habari za matumbo. Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Mwaka uliofuata alikutana na daktari mstaafu wa jeshi la majini aitwaye Cleave. Mzee huyo alishikilia kwamba magonjwa mengi ya watu wa Ulaya yanatokana na kula sukari nyingi na unga uliokobolewa mno. Wengi walimwona kuwa mtu wa ajabu. Burkitt alimsikiliza, kwa maana alikumbuka jambo. Miaka yote aliyokuwa mpasuaji Mulago, ni mara chache sana alikuwa amempasua Mwafrika kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Huko Uingereza upasuaji huo ulikuwa kazi ya kila siku. Vivyo hivyo vijiwe vya nyongo, saratani ya utumbo mpana, na vile vijifuko vinavyotokeza katika ukuta wa utumbo wa wazee wa Ulaya na kuwatia maumivu: yote hayo hakuyaona Uganda ila kwa nadra.

Hata hivyo hakutaka kutegemea kumbukumbu yake peke yake. Aliwaandikia rafiki zake wa zamani katika hospitali za misheni. Zaidi ya hospitali 100, nyingi zikiwa za Afrika, zilikubali kumpelekea taarifa kila mwezi: mwezi huu mmeona wangapi wenye kidole tumbo, wangapi wenye saratani ya utumbo, wangapi wenye bawasiri? Twamwomba msomaji asilipite jambo hili upesi. Taarifa hizo zilijazwa na watu waliochoka, usiku, kwa mwanga wa taa ya mafuta, baada ya kuzalisha na kufunga vidonda mchana kutwa. Mstari mmoja wa daftari la wodi haukuwa na maana kubwa machoni pa aliyeuandika. Ilipokusanywa mistari ya hospitali hizo zote, madaktari wa Ulaya walilazimika kufikiri upya.

Kisha alitaka kujua chakula chapitaje tumboni. Kwa kazi hiyo watu walimezeshwa vipande vidogo sana vya plastiki, vinavyoonekana katika picha ya eksirei, halafu choo chao kilikusanywa katika mifuko kila siku, kikapimwa uzito na kupigwa picha ili kuona vile vipande vimetoka lini. Si kazi ya kupendeza, na wengine walicheka. Burkitt hakuona haya. Alijua, kama muuguzi yeyote ajuavyo, kwamba choo cha mgonjwa kina habari nyingi. Matokeo aliyachapisha mwaka 1972 pamoja na Daktari Walker wa Afrika Kusini na Daktari Painter wa London. Kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilichukua wastani wa saa kama 36 kupita mwilini, na choo chao cha siku moja kilikuwa na uzito wa gramu zipatazo 470. Kwa Waingereza waliopimwa kilichukua saa zaidi ya 80, na choo chao kilikuwa gramu zipatazo 100 tu.

Tofauti hiyo ilitoka wapi? Burkitt alijibu kwamba ilitoka katika nyuzinyuzi, yaani yale makapi ya nafaka, maharage, mboga na matunda ambayo tumbo haliwezi kuyasaga. Zamani madaktari waliyaona kuwa takataka tu. Kumbe nyuzinyuzi hushika maji, zikakifanya choo kuwa laini na kingi, kikapita upesi bila mtu kujikamua. Mtu anayejikamua kila siku kwa choo kigumu hujiletea bawasiri. Tena vijidudu vyema vilivyomo katika utumbo mpana huzila nyuzinyuzi hizo na kutoa asidi nyepesi zinazolisha ngozi ya ndani ya utumbo na kuilinda.

Jambo hili lilibadili hata kazi ya wauguzi. Kwa miaka mingi mgonjwa mwenye vile vijifuko vya utumbo alilishwa vyakula laini visivyo na makapi, kwa hofu ya kuuchubua utumbo. Daktari Painter aliwapa wagonjwa 70 pumba ya ngano pamoja na chakula chao, kinyume cha desturi, na wengi wao walipata nafuu kubwa. Baada ya hapo wodi nyingi za Uingereza ziliacha vyakula vile laini.

Hatuna budi kumkumbuka hapa yule Daktari Hugh Trowell. Baada ya kutumika Kenya na Uganda tangu mwaka 1929, na kufanya kazi kubwa juu ya ugonjwa wa kwashiorkor unaowavimbisha watoto waliokosa chakula cha kujenga mwili, alirudi Uingereza, akapewa daraja la ukasisi katika Kanisa letu la Anglikana, akawa mchungaji wa parishi ya kijijini. Alipostaafu uchungaji alishika tena utafiti pamoja na Burkitt. Mwaka 1975 walitoa kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na magonjwa yatokanayo navyo. Kasisi huyo alifariki mwaka 1989.

Burkitt mwenyewe alizunguka nchi nyingi akifundisha kwa maneno mepesi na picha, na mwaka 1979 alitoa kitabu kidogo cha kuwashauri watu wa kawaida wasisahau nyuzinyuzi katika chakula chao. Alipewa heshima nyingi. Waliomfahamu walishuhudia kwamba aliamka mapema kusali kabla ya kazi yoyote, na kwamba hakujisifu. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Je, yote aliyosema yamethibitika? Yatupasa kusema kweli. Burkitt hakudai kwamba amekwisha kuthibitisha kila kitu. Wako waliompinga kwa haki, wakisema kwamba mgonjwa asiyefika hospitali haandikwi daftarini, na kwamba saratani ya utumbo huwapata zaidi wazee, nao wazee wa Afrika wakati ule walikuwa wachache. Mwaka 1999 uchunguzi uliofanywa Marekani kwa wauguzi wanawake zaidi ya 88,000 haukuona kwamba nyuzinyuzi zinakinga saratani hiyo. Lakini mwaka 2003 uchunguzi wa watu zaidi ya 500,000 katika nchi 10 za Ulaya uliona kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi walipata saratani hiyo kwa uchache. Mwaka 2015 wataalamu walibadilishana vyakula: Wamarekani weusi 20 walikula kwa majuma mawili chakula cha kijijini cha Afrika Kusini, na wanakijiji 20 wa huko wakala chakula cha Marekani. Kwa muda huo mfupi tu hali ya utumbo ya Wamarekani ilionekana kuwa njema zaidi, na ya wanakijiji ikaharibika. Mwaka 2019 wataalamu waliopitia tafiti nyingi kwa ombi la Shirika la Afya Duniani walikata shauri kwamba yafaa mtu mzima apate gramu 25 hadi 29 za nyuzinyuzi kwa siku, au zaidi.

Wala tusidhani kwamba chakula cha kijijini hakina madhara yoyote. Katika sehemu nyingi za Afrika, ambako watu hula chakula chenye makapi mengi, madaktari huwapasua watu ambao utumbo wao mpana umejisokota. Na watoto wengi wa Afrika wamekufa kwa kuhara, ugonjwa ambao pumba ya mahindi haiutibu. Hatujasahau kipindupindu cha mwaka 2015 kilichoanzia Kagunga kando ya Ziwa Tanganyika, wakati ndugu zetu wa Burundi walipokuwa wakikimbilia kwetu.

Basi sisi wa Buha, kutoka Heru Juu hadi Muhambwe, twapata nini katika maisha haya?

Kwanza, tusikionee haya chakula chetu. Maharage, mboga za majani, ndizi, viazi na ugali wa dona ni chakula ambacho wataalamu wa Ulaya wanawasihi watu wao wakirudie. Nasi, kila tunapopata fedha kidogo, hukimbilia sembe nyeupe, mikate myeupe na soda, tukidhani kwamba ndiyo maendeleo. Pumba tunayoiacha mashineni huliwa na kuku na nguruwe, na mzee nyumbani analia kwa choo kigumu. Anayesaga dona lakini aangalie mahindi yake. Yakaushwe vizuri, na yaliyoota ukungu yasiliwe kamwe, kwa maana sumukuvu huua.

Pili, anayemwuguza mgonjwa nyumbani au kumpelekea chakula wodini asiache kuangalia na kuuliza. Amepata choo lini? Kigumu au chepesi? Kina damu? Amwambie muuguzi bila haya. Mtu mzima mwenye choo kigumu apewe maji ya kutosha, mboga na matunda, na makapi yaongezwe kidogo kidogo, yasije yakamjaza tumbo gesi. Asinyweshwe dawa kali za kuharisha. Mtoto anayehara anahitaji maji ya chumvi chumvi yatolewayo zahanati, vidonge vya zinki, na kuendelea kunyonya na kula. Na mtu ambaye tumbo limevimba na kuuma, hapati choo wala hatoi upepo, asipewe chakula chochote, bali akimbizwe hospitali saa ile ile. Vivyo hivyo anayeona damu katika choo asinyamaze akidhani kwamba ni bawasiri tu.

Tatu, tuwaheshimu wanaoandika. Katika hospitali na zahanati zetu, za serikali na za madhehebu, ikiwa ni Shunga, Kabanga, Heri au penginepo, yupo muuguzi anayeinama usiku juu ya daftari akiandika jina, umri, kijiji na ugonjwa. Wengine humkasirikia kwa kuuliza maswali mengi wakati mgonjwa anaumwa. Tumjibu kwa upole na kwa ukweli: kijiji chetu halisi, siku ugonjwa ulipoanza, dawa za kienyeji tulizokwisha kutumia. Kwa majibu ya namna hiyo Burkitt aliweza kuona kile ambacho macho ya wengi hayakukiona.

Tunawaomba wasomaji wawakumbuke katika sala zao wauguzi wote wa Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe, hasa walio peke yao katika zahanati za mbali. Na kijana wa parishi yetu anayesomea uuguzi au udaktari ajue kwamba hahitaji kungoja mpaka afike mji mkubwa ndipo aanze kuchunguza. Aanze na daftari la wodi aliyomo.